Masizi, Joto na Masega: Mabadilishano ya Kiusanifu katika Injini za Kisasa za Dizeli, kwa Mfano wa Mkula, Mkoani Simiyu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi injini ya kisasa ya dizeli inavyosanifiwa kwa kubadilishana faida moja kwa nyingine, na jinsi vifaa vya kupunguza sumu ya moshi vinavyokuwa sehemu ya mabadilishano hayo badala ya kuwa nyongeza iliyoning'inizwa mwishoni mwa bomba. Mfano unaotumika ni wa magari yanayofanya kazi Mkula, Wilaya ya Busega. Makala yanadai kwamba neno moja la gereji, yaani masega, limebebeshwa vifaa vitatu vyenye kazi tofauti, na kwamba gari linaloondolewa masega bila ya mwenyewe kujua ni masega yapi hubaki na injini iliyosanifiwa kutegemea kifaa ambacho haina tena.

1.0 Utangulizi

Mkula ni kata katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Iko upande wa Lamadi, mahali ambapo barabara kuu ya Mwanza na Musoma hupita kati ya Ghuba ya Speke na nyanda za magharibi za Serengeti, na ambapo barabara ya kwenda Bariadi huchepuka. Magari yanayoonekana huko yanajulikana: malori ya pamba wakati wa msimu, mabasi, magari ya watalii yanayotafuta lango la Ndabaka, magari ya halmashauri, na magari ya wagonjwa, kwa kuwa Mkula ina hospitali. Yaliyo makubwa miongoni mwake karibu yote hunywa dizeli.

Mwandishi wa makala haya anatoka katika taaluma ya istilahi. Kilichomvuta kwenye injini ni mazungumzo yanayosikika karibu katika kila gereji ya Kanda ya Ziwa: gari limepoteza nguvu, taa imewaka kwenye dashibodi, fundi anasema "masega yameziba", na mwenye gari anaulizwa kama yatolewe. Swali hilo hujibiwa kwa dakika moja. Jibu sahihi, hata hivyo, linategemea mambo ambayo lugha inayotumika kuuliza haiyabainishi. Ili kuyabainisha, hatuna budi kuanzia ndani ya silinda, kwa sababu huko ndiko tatizo la moshi linakozaliwa.

2.0 Mgandamizo, joto na masizi

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa huingia kwenye silinda, pistoni huigandamiza mpaka joto lake linapita nyuzi 500 za Selisiasi, kisha dizeli hunyunyizwa humo na kujiwakia yenyewe. Kiasi cha mgandamizo huo huitwa uwiano wa mgandamizo: uwiano wa 20 kwa 1 maana yake ni kwamba hewa iliyojaa lita 20 imebanwa ikaenea katika lita 1. Mgandamizo mkubwa huvuna kazi nyingi zaidi kutoka katika kila tone la mafuta, na ndiyo sababu injini ya dizeli hutumia mafuta kidogo kuliko injini ya petroli yenye nguvu sawa, na huvuta mzigo ikiwa kwenye mzunguko mdogo bila kulalamika.

Ubaya wake hutoka palepale unapotoka uzuri wake. Dizeli iliyonyunyizwa hupata muda mfupi mno, sehemu ndogo ya sekunde, kuchanganyika na hewa kabla ya kuwaka. Katikati ya mnyunyizo mafuta huwa mengi na hewa haba. Hapo huzaliwa masizi. Msomaji aliyewahi kusomea kwa kibatari anaijua kemia hii bila kufundishwa: kibatari hutoa moshi mweusi na chemli haitoi, ingawa mafuta ni yaleyale, kwa sababu kioo cha chemli huvuta hewa ya kutosha na kuutuliza mwali. Sasa, pembezoni mwa mwali wa dizeli hali ni kinyume. Hewa ni tele na joto ni kali, na nitrojeni, ambayo ni takribani asilimia 78 ya hewa tunayoivuta na ambayo kwa kawaida haijishughulishi na mtu, hulazimika kuungana na oksijeni. Matokeo yake ni oksidi za nitrojeni, gesi zinazowasha njia ya hewa na kuchangia ukungu mchafu wa mijini.

Huo ndio mgogoro mkuu wa usanifu wa dizeli. Masizi huhitaji joto na hewa ili yaungue yaishe. Oksidi za nitrojeni huzaliwa kwa joto na hewa hiyohiyo. Kinachomuua huyu ndicho kinachomlisha yule. Mhandisi akiwahisha unyunyizaji, mwako huwa wa moto, mafuta yanatumika vizuri, masizi hupungua, na nitrojeni iliyooksidika huongezeka. Akiuchelewesha, mambo hugeuka, na juu yake gari huanza kula mafuta. Hakuna namna ya kugeuza skrubu moja ikashusha yote mawili.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 sheria za Ulaya zimeusukuma usanifu katika kona hiyo. Kiwango cha Euro 5 kilichoanza mwaka 2009 kiliruhusu gari dogo la dizeli kutoa gramu 0.18 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita. Euro 6, iliyoanza kutumika kwa magari mapya ya muundo mpya mwaka 2014, ikashusha kikomo hicho hadi gramu 0.08. Chembechembe za masizi tayari zilikuwa zimebanwa kwa Euro 5 kiasi kwamba bila ya chujio hazipitiki.

3.0 Injini mbili zinazokutana barabara moja

Injini inayojulikana zaidi kwa watu wa Simiyu, hata kama jina lake hawalijui, ni 1HZ ya Toyota, ile inayoendesha Land Cruiser ndefu za hospitali, polisi na mashirika. Ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Ina silinda 6, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, uwiano wa mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1, haina tabo, na haina kompyuta inayoamua mafuta yanyunyizwe lini. Dizeli yake hainyunyizwi moja kwa moja juu ya pistoni, bali katika chumba kidogo kilicho kwenye kichwa cha silinda, ambamo hewa huzunguka kwa kasi na kuusaidia mchanganyiko. Nozeli zake hufunguka kwa shinikizo la takribani baa 150.

Ukiiweka kando ya 1GD-FTV, injini iliyotoka mwaka 2015 na inayopatikana kwenye Hilux na Prado za karibuni, utaona mabadilishano yaleyale yakiwa yamepangwa upya. Ina silinda 4 tu, ujazo wa 2,755, na mgandamizo wa 15.6 kwa 1. Dizeli hukusanywa kwenye reli ya pamoja ikiwa na shinikizo linalozidi baa 2,000, kisha nozeli za umeme huinyunyiza mara kadhaa katika mwako mmoja: kiasi kidogo cha kutangulia ili injini isigonge, kiasi kikuu, na wakati mwingine kiasi cha mwisho ambacho kazi yake tutaiona baadaye. Nguvu ya kuvuta ya 1HZ ni newtoni-mita 285. Ya 1GD ilipotoka ilifika 450 ikiwa na gia za kujibadili zenyewe. Theluthi ya ujazo imepunguzwa, na uvutaji umepanda kwa zaidi ya nusu.

Msomaji anaweza kushangaa kwamba mgandamizo umeshushwa, wakati tumesema mgandamizo ndio chanzo cha ubora wa dizeli. Umeshushwa kwa makusudi. Mgandamizo mdogo huupoza mwako, na oksidi za nitrojeni hupungua. Tabo na shinikizo la reli hurudisha kile kilichopotea. Kampuni ya Mazda iliifuata njia hii mbali zaidi mwaka 2012 kwa injini yenye uwiano wa 14 kwa 1 tu, ikaweza kufikia Euro 6 bila ya kifaa cha kusafisha oksidi za nitrojeni kwenye bomba. Ililipa kwa njia nyingine: injini yenye mgandamizo mdogo ni ngumu kuwaka asubuhi ya baridi, ikalazimu mbinu za ziada za kuipasha.

Malipo ya 1GD ni ya usafi wa mafuta. Nafasi kati ya vipuri vinavyoteleza ndani ya nozeli ya reli ya pamoja ni mikromita chache. Unywele wa binadamu una mikromita 70 hivi. Tone la maji au vumbi la dumu ambalo 1HZ ingelimeza na kukohoa kidogo, nozeli ya aina hii hailisamehe. Kwa hiyo mafundi wanaposema injini ya zamani "ni ngumu" wanasema kweli, ila wanasema nusu. Ni ngumu kwa sababu haidai. Kwa kuwa haidai, pia haisafishi chochote.

Kuna jambo moja la kimahali linaloongeza moshi wa 1HZ. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mkula haiwezi kuwa chini ya hapo. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo huvuta hewa pungufu kwa kiasi hichohicho. Pampu ikiwa imewekwa kwa kipimo cha pwani, mafuta yanabaki yaleyale. Kibatari kimerudi.

4.0 Masega matatu

Kifaa cha kwanza cha kupunguza sumu kiko kabla ya bomba. Mafundi hukiita EGR kwa herufi zake. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili ichanganyike na hewa mpya. Moshi hauna oksijeni ya kutosha na humeza joto, hivyo mwako hupoa na oksidi za nitrojeni hushuka. Kwa kanuni tuliyokwisha kuiona, masizi hupanda. Sehemu ya masizi hayo hukutana na mvuke wa oili katika njia ya hewa na kuganda kama lami, jambo ambalo kila aliyefungua njia ya hewa ya injini iliyotembea sana amelishuhudia kwa vidole vyake.

Baada ya injini ndipo yanapokuja masega. Neno hili, kwa maoni ya mwandishi, ni miongoni mwa istilahi bora zilizowahi kubuniwa nje ya kamati yoyote. Yeyote aliyelitoa kwenye mzinga akalipeleka kwenye bomba la moshi alitazama ndani ya kifaa kilichokatwa, akaona vijitundu vingi vilivyopangana, akakiita kwa jina linaloeleweka mara moja. Tatizo ni kwamba tangu wakati huo vifaa vyenye sura hiyo vimeongezeka, na jina limebaki moja.

Masega ya kwanza ni ya kuoksidisha. Vijitundu vyake viko wazi pande zote mbili, kama sega lisilo na asali; moshi hupita bila kizuizi. Kuta zimepakwa platinamu na metali za jamaa zake, ambazo huichochea monoksidi ya kaboni na mabaki ya mafuta yaungane na oksijeni, yakatoka kama dioksidi ya kaboni na mvuke wa maji. Masega haya hayanasi masizi, na kwa kawaida hayazibi isipokuwa injini iwe mbovu.

Masega ya pili ni chujio la masizi, lile liitwalo DPF. Hapa mfano wa mzinga unafaa zaidi. Nyuki akishajaza asali hulifunika tundu kwa nta. Katika chujio, kila tundu limezibwa upande mmoja, jirani yake likazibwa upande wa pili. Moshi ukiingia tundu hili hauna pa kutokea ila kupenya ukuta wa kauri kwenda tundu la jirani. Gesi hupenya, masizi hubaki, zaidi ya asilimia 90 yake. Gari la kwanza dogo kuuzwa na chujio la namna hii likiwa kifaa cha kawaida lilikuwa Peugeot 607 ya mwaka 2000.

Kinachonaswa lazima kiondolewe. Masizi huungua yenyewe kwenye nyuzi 600 hivi, ilhali moshi wa gari linalotembea polepole haufiki hata nusu ya joto hilo. Ndiyo kazi ya ule mnyunyizo wa mwisho tuliouahirisha: kompyuta inapokisia kuwa chujio limejaa, hunyunyiza dizeli kidogo wakati mwako umekwisha, mafuta hayo hayawaki kwenye silinda, huenda kuungua kwenye masega ya kuoksidisha, joto hupanda, na masizi ya chujio huteketea. Zoezi hilo huchukua dakika kumi hadi ishirini za mwendo wa kuendelea. Likikatizwa, huanza upya. Likikatizwa kila siku, mafuta yasiyoungua huteleza kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili, oili huwa nyepesi, na injini huanza kujila. Aidha, kuna majivu yanayotokana na viungo vya oili, na hayo hayaungui kwa joto lolote la gari. Hujikusanya mpaka chujio lifunguliwe na kusafishwa. Hii ndiyo sababu gari lenye chujio hudai oili yenye majivu kidogo, na ndiyo sababu oili ya bei nafuu iliyopendekezwa kwa nia njema inaweza kuliua chujio kimyakimya.

Masega ya tatu ni ya urea. Maji yenye asilimia 32.5 ya urea hunyunyizwa kwenye bomba. Joto huyageuza amonia, na amonia hukutana na oksidi za nitrojeni juu ya masega hayo, zikatoka nitrojeni na maji. Ubora wa njia hii ni kwamba humwachia mhandisi uhuru wa kuuacha mwako uwe moto na wenye kuokoa mafuta, kisha uchafu ukashughulikiwa nje. Bei yake ni tangi la pili, pampu, sensa, na kimiminika ambacho hakipendi joto: kikihifadhiwa kwenye nyuzi 30 muda wake hukadiriwa kuwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo mtu anaposema "masega yameziba", karibu daima anazungumzia aina ya pili. Anapoyatoa, mara nyingi huyatoa ya kwanza na ya pili pamoja, kwa kuwa yamefungwa katika kopo moja. Mwandishi angependekeza mafundi waseme masega wazi, masega ya kuchuja na masega ya urea. Maneno hayahitaji kuidhinishwa na mtu ili yaanze kutumika.

5.0 Salfa na safari ya dizeli

Vifaa hivi vyote haviwezi kujadiliwa bila ya mafuta. Salfa iliyo ndani ya dizeli hugeuka dioksidi ya salfa. Juu ya platinamu huendelea kuoksidika, ikawa salfeti inayofunika metali yenye kazi na kuongeza chembechembe zilezile ambazo kifaa kiliwekwa kuzipunguza. Ulaya ilishuka hadi sehemu 10 kwa milioni mwaka 2009. Tanzania ilikuwa na kikomo cha 500 hadi nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipohamia 50 kwa pamoja, kuanzia Januari 2015. Hatua hiyo ilirahisishwa na ukweli kwamba kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilikuwa kimesimama mwaka 2013. Mafuta yote ya ukanda huu yakawa yanaagizwa yakiwa yamekwisha kusafishwa, na anayenunua anaweza kuchagua.

Kabla ya hapo kulikuwa na vita ya namna nyingine. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kwa ajili ya maskini, na wajanja wakayachanganya na dizeli. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili tofauti ya bei iishe. Maskini wenye vibatari ndio walioilipa gharama hiyo, na historia ya usafi wa dizeli yetu haijakamilika bila kulitaja hilo. Kwa injini, mafuta ya taa ni hatari kwa sababu hayana utelezi wa kutosha: pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na ile ya reli ya pamoja inafanya kazi chini ya shinikizo lisilovumilia ukavu.

Sehemu 50 kwa milioni zinatosha kwa chujio kufanya kazi, ingawa si mafuta ambayo magari ya Euro 5 na Euro 6 yalisanifiwa kwayo. Hivyo, mtu anayelaumu "mafuta yetu machafu" kwa kila chujio lililoziba anarudia lawama iliyokuwa sahihi kabla ya mwaka 2015. Leo mshukiwa wa kwanza ni namna gari linavyoendeshwa. Wa pili ni oili. Dumu la kando ya barabara linafuata.

Magari yenyewe nayo yana safari. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, aliwaonyesha waandishi wa habari chupa ya plastiki iliyojaa masizi ya dizeli. Kuanzia Oktoba 2003, jiji hilo pamoja na mikoa mitatu inayolizunguka likazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango chake cha masizi. Gari lililofukuzwa Tokyo halikutupwa. Soko la magari yaliyotumika, lenye wateja wengi Afrika Mashariki, lilikuwa tayari lipo. Mapafu ya Tokyo yalipona kwa sehemu kwa kuhamisha moshi.

6.0 Mtihani wa maabara na mwinuko wa mita 1,134

Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka programu inayotambua kuwa gari liko kwenye mtihani. Kwenye mtihani vifaa vilifanya kazi. Barabarani vilipunguzwa, na oksidi za nitrojeni zikaweza kufika mara 40 ya kikomo. Kampuni ilikiri kuwa magari takribani milioni 11 duniani yalihusika. Kesi hii husimuliwa kama hadithi ya udanganyifu, na ni ya udanganyifu. Lakini ukiiuliza kwa nini programu iandikwe, jibu ni mabadilishano yale ya sehemu ya 2.0: kudhibiti nitrojeni muda wote kungeongeza masizi, kungejaza chujio mapema, na kungekula mafuta ambayo mteja aliahidiwa kuyaokoa.

Kipande cha kesi hiyo kinachomhusu msomaji wa Simiyu hakikupata vichwa vya habari. Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi kuhusu magari ya Volkswagen yaliyokwisha kurekebishwa programu. Ilielezwa mahakamani kwamba EGR yake ilifanya kazi kikamilifu katika joto la nyuzi 15 hadi 33, na chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Zaidi ya mwinuko huo, urudishaji wa moshi ulipungua hatua kwa hatua ndani ya mita 250 mpaka ukafika sifuri. Mahakama iliona kuwa mpango huo ni kifaa cha kukwepa sheria, usioruhusiwa isipokuwa kwa masharti finyu.

Sasa peleka gari hilo Mkula. Joto linafaa. Mwinuko, hata ukingoni mwa maji, umepita kikomo kwa mita 134, na kwa hesabu hiyo zaidi ya nusu ya kazi ya EGR imezimwa kabla gari halijapanda kuelekea Bariadi. Hakuna fundi aliyeigusa, na hakuna taa iliyowaka. Inafaa kukumbuka hili tunapowasema mafundi wa mtaani kuwa ndio wanaoharibu usanifu wa wazungu.

Hata penye nia njema mtihani hukosea. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba zaidi ya magari 260,000 ya Toyota, yakiwamo Hilux na Prado zenye dizeli ya aina ya 1GD, yaliuzwa na mfumo wa chujio wenye kasoro, usioweza kujisafisha ipasavyo, hasa katika mwendo wa kuendelea wa kilomita 100 kwa saa hivi. Yaani chujio lilishindwa palepale ambapo kila kitabu cha mwenye gari husema litasafishika.

7.0 Gari la wagonjwa

Chukua gari la wagonjwa la eneo kama Mkula, ambalo ndilo kazi yake inapingana zaidi na usanifu wa kisasa. Linapompeleka mgonjwa Bugando, Mwanza, hukimbia zaidi ya kilomita 100 za lami. Ni safari nzuri kwa chujio. Siku nyingine zote hupita njia za vumbi kumfuata mama mjamzito kijijini, husimama likinguruma mlangoni ili vifaa vipate umeme, na huzimwa katikati ya kujisafisha kwa sababu mgonjwa amefika. Siku chujio litakapojaa kupita kiasi, kompyuta itapunguza nguvu ya injini ili kuikinga. Kuikinga injini ni uamuzi wa busara uliofanywa na mtu asiyejua kuna nani nyuma.

Kwa sababu hiyo wanunuzi wa magari ya huduma wameendelea kuipenda 1HZ, na mwandishi hawezi kuwalaumu. Hata hivyo gharama yake ina wenyewe. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Gari linalonguruma mlangoni mwa wodi huwafikishia moshi huo watu ambao tayari ni wagonjwa, pamoja na dereva anayeuvuta kwa miaka.

Lililo baya kuliko yote mawili ni gari la kisasa lililotobolewa masega. Kauri ikishavunjwa kwa nondo na kopo kufungwa tena, injini inayobaki si 1HZ. EGR bado inarudisha moshi na kuzalisha masizi ya ziada, kwa kuwa mhandisi alitegemea chujio liyapokee. Mgandamizo bado ni mdogo. Ikiwa programu haikubadilishwa, kompyuta bado hunyunyiza dizeli ya mwisho kwa ajili ya masega ambayo hayapo. Hutoka kama moshi mweupe au huingia kwenye oili. Ikiwa programu imebadilishwa, imebadilishwa na mtu ambaye kipimo chake ni taa kuzimika. Mwenye gari huondoka ameridhika, maana nguvu imerudi kweli.

Njia nyingine ipo, nayo haihitaji kiwanda. Fundi mwenye kompyuta ya kusoma gari anaweza kulilazimisha chujio lijisafishe likiwa limesimama mahali pa wazi, mbali na nyasi kavu. Likiwa limejaa majivu, hufunguliwa na kupulizwa kwa hewa kutoka upande wa kutokea. Kabla ya yote hayo atafute kwa nini limejaa: nozeli inayovuja au bomba la tabo lililopasuka litalijaza chujio jipya ndani ya wiki chache.

Kwa halmashauri au hospitali inayojaza fomu ya ununuzi, mambo ya kuulizwa ni machache na yanajibika. Injini hii imekuja na masega yapi, kwa kuwa injini ya jina moja huuzwa na vifaa tofauti kulingana na soko? Je, ina kitufe cha dereva kuanzisha usafishaji mwenyewe? Oili yake yenye majivu kidogo inapatikana Bariadi au ni mpaka Mwanza? Kama ina tangi la urea, nani ataileta, na itawekwa kwenye stoo gani wakati wa Septemba na Oktoba, bati likiwa juu yake?